Nyongeza Isiyopumua

Wenzangu mliobaki dukani, mmeambiwa kwamba Evariste alifukuzwa kwa sababu alimuuzia mama mmoja wa Kinindo samaki wagonjwa. Samaki wale hawakuwa wagonjwa. Nilikuwapo walipochaguliwa, nilikuwapo walipofungwa mifukoni, na nilikuwapo siku mwuaji wao alipotolewa dukani kama zawadi. Sasa nimestaafu. Sina kiti cha kukilinda wala mkubwa wa kumchekea, nami naona ni wajibu wangu kuandika kazi yetu ilikuwaje kabla haijawa hivi mlivyoikuta. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana havikunifundisha kitu. Nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu asiyejua kanuni ilitoka wapi hawezi kujua ilivunjwa wapi.

Duka letu la Quartier Asiatique, hapa Bujumbura, lilianzishwa na Bwana Nassor, ambaye babu zake walikuja kutoka Oman kuuza vitambaa. Ndugu zake wote waliendelea na vitambaa. Yeye peke yake aliacha majora akashika samaki wa mapambo, hasa wale wa ziwa letu la Tanganyika ambao wenye vitabu huwaita cichlidés, ndugu zake sato, wadogo, wenye rangi na wenye ugomvi. Ndugu zake walimcheka. “Kitambaa hakifi, Nassor,” walimwambia. Naye akawajibu, “Ndiyo maana hakimfundishi mtu adabu.”

Siku yangu ya kwanza hakunipa ufagio wala ndoo. Aliniwekea kigoda mbele ya tangi kubwa kuliko yote, akaniambia nitazame, akaenda zake. Nilitazama asubuhi nzima. Aliporudi kutoka msikitini aliniuliza, “Haya, binti, mwenye nyumba hii ni nani?” Nikamwonyesha samaki mkubwa wa buluu aliyekuwa akizunguka juu kwa madaha. Bwana Nassor akatikisa kichwa. “Huyo ni mpita njia. Tazama pale kwenye jiwe.” Pale kwenye jiwe palikuwa na samaki mdogo, mweusi, asiyevutia jicho la mtu yeyote, na kila aliyekaribia jiwe lile, mkubwa kwa mdogo, aligeuka na kuondoka. “Wallahi, binti, usimpe mtu samaki kabla hujajua ni nani atakayemfukuza na atakimbilia wapi.”

Maneno hayo ndiyo elimu yote ya kazi hii. Mengine ni maelezo tu, ingawa maelezo yake ni mengi. Mteja mgeni huingia na jicho lake mbele. Ameona nyekundu, ameona njano, ameona mistari, anataka vyote viwe sebuleni kwake kabla ya chakula cha jioni. Bwana Nassor alinifundisha kumpokea kwa maswali badala ya samaki. Tangi lako lina urefu gani? Litakaa wapi? Umeme ukikatika, na hapa Bujumbura unakatika, una betri ya kuendesha pampu ya hewa? Nani atawalisha, wewe au mtu wa nyumbani? Swali hili la mwisho lilikuwa muhimu, kwa kuwa wafanyakazi wa nyumbani wana huruma, hulisha kupita kiasi, na huruma ndani ya maji huoza. Mteja aliyekasirika kwa maswali tulimwacha aondoke. Tulipoteza wengi kwa namna hiyo, na sijutii hata mmoja.

Anayeanza apewe aina moja tu, na aina iliyo bora kwake ni wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Hawahitaji tangi kubwa. Wape mchanga laini, wape magamba mengi kuliko idadi yao ili wasigombanie vyumba, uwaache. Watachimba, watahamisha mchanga kwa vinywa vyao, watazaa na kulea mbele ya macho ya mwenye nyumba. Akizoea, na kama tangi lina urefu wa kutosha, aongezewe jozi moja ya wale wembamba wa mawe, na mawe yawekwe upande wa pili kabisa, kila kabila na kilima chake. Tropheus asipewe mgeni. Tropheus hula ukoga wa mawe, huishi kwa makundi, na akipewa nyama tumbo lake huvimba hadi anakufa. Frontosa, yule mwenye mistari na nundu kwenye paji la uso, ni mpole kwa kumtazama, lakini kila kinachoingia kinywani mwake ni chakula, na kinywa chake hukua. Na samaki wa Ziwa Malawi wasichanganywe na wa kwetu, hata kama rangi zao zinapendezana. Rangi haijui tabia.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Nyavu mbili, kubwa ya kungojea na ndogo ya kufukuzia. Anayetumia moja huwakimbiza samaki mpaka wanachubuka. Mpira wa kunyonyea uchafu. Mapipa ya maji ya bomba yaliyoachwa wazi ili dawa ipotee. Mifuko, raba, na ubavuni mwa kaunta gunia ambalo nitalieleza sasa, kwa kuwa ndani yake ndimo ilimokuwa heshima ya duka lile.

Mnajua desturi ya soko letu. Ukinunua maharage, mama muuzaji akishakupimia hukuongezea gao moja mkononi. Asipoongeza huitwa mgumu, na kesho unahamia kwa jirani yake. Wateja wetu walikuja na desturi hiyo hiyo. Akishafungiwa samaki wake, hakuna aliyetoka bila kusema, “Na nyongeza?” akinyoosha kidole kwenye tangi lililo karibu, yule mzuri pale, mmoja tu. Bwana Nassor hakuidharau desturi. Alisema nyongeza ni adabu ya soko na mfanyabiashara asiye na adabu hana baraka. Lakini aliweka sharti ambalo hakulivunja kwa waziri wala kwa mkwewe: “Nyongeza yetu iwe kitu kisichopumua.” Ndani ya gunia lile mlikuwa na magamba ya konokono, mchanga wa ziwani, na mawe bapa aliyoyaosha kwa mikono yake. Mteja alijazwa viganja viwili, akatoka ameheshimiwa, na nyumbani kwake samaki waliongezewa vyumba badala ya adui.

Niliwahi kumwuliza kwa nini awe mkali hivyo kwa samaki mmoja. Alinijibu kwamba zawadi huchaguliwa kwa jicho la mpokeaji na kwa mkono wa mtoaji, na kati ya jicho na mkono hapana mtu anayefikiri. “Nyumbani kwako mgeni akija utamtandikia mkeka. Mle ndani hakuna mkeka. Kila punje ya mchanga ina mwenyewe.”

Kesi ngumu zilikuwapo hata wakati wake. Hakimu mmoja aliwahi kununua samaki wetu kwa utaratibu, kisha akazunguka kwingine akikusanya wengine, kwa sababu alitaka kila rangi iwe na mwakilishi. Aliponiita nyumbani kwake nilikuta tangi lenye samaki mmoja tu, mnene, ametulia katikati kama mwenyekiti. “Wengine wamekwenda wapi?” hakimu aliniuliza. Nilimwambia shauri limekwisha na hukumu imetekelezwa. Hakucheka. Mfanyabiashara mwingine aliwapa tropheus wake mabaki ya nyama kwa kuwa, alisema, nyumbani kwake hakuna anayekula majani. Niliwatoa mmoja baada ya mwingine wakiwa wamevimba kama vibofu, naye akasimama nyuma yangu akilalamika kwamba bidhaa zetu hazina nguvu.

Bwana Nassor alifariki, Mungu amrehemu, na duka likaenda kwa mwanawe Hafidh, aliyesomea biashara ng’ambo. Sitaki kumsingizia. Hafidh si mwizi, si mlevi, si mkatili. Ugonjwa wake ni kupenda kupendwa. Hawezi kuvumilia uso wa mteja uliokunjamana hata kwa dakika moja. Gunia la nyongeza alilitoa kwenye kaunta akaliweka uani, kwa sababu lilichafua sakafu mpya. Kisha akaweka karibu na mlango tangi moja lenye kila aina, wa Malawi na wa kwetu, wanaokula ukoga na wanaokula nyama, eti lichangamshe wapita njia. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, waliokufa waliondolewa na wengine kutiwa. Wateja walisema, “Mbona kwenu wanaishi pamoja vizuri?” Nasi tuliamriwa kutabasamu. Kuna uongo unaosemwa kwa kinywa, na kuna huu unaobadilishiwa maji kila siku.

Evariste alikuja wakati huo. Alikuwa amehitimu biolojia chuo kikuu, akazunguka na shahada yake mji mzima bila mlango hata mmoja kumfungukia. Mkewe alikuwa ametoka kujifungua mapacha, wamepanga chumba Kanyosha. Alipopata kazi kwetu alinishika mikono yote miwili akaniambia, “Mama Régine, hii nikiipoteza, sina ingine.” Hayo msiyasahau mnaposoma yanayofuata. Nilimweka kwenye kigoda mbele ya tangi, kama nilivyowekwa mimi. Alimtambua mwenye nyumba kabla sijamaliza kunywa chai. Nilipomwambia sharti la nyongeza alicheka kwa furaha, akalirudisha gunia kutoka uani, akalificha nyuma ya friji ya chakula cha samaki.

Basi akaja Madame Odette wa Kinindo, anayefanya kazi kwenye shirika moja la misaada, mwanamke mwema, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Hakuwahi kufuga hata kuku. Alitaka samaki wa kumpumzisha akitoka kazini, na alitaka wote wa tangi la mlangoni.

“Madame, wale watauana,” Evariste alimwambia.

“Mais, mbona hapa hawauani?”

Evariste akanitazama. Mimi nikatazama chini. Akasema, “Hapa tuko wengi wa kuwaangalia, Madame. Kwako uko peke yako. Leo utachukua hawa wadogo wa konokono.”

“Hawa? Lakini hawana rangi! Bwana we, mi naweka kitu mu salon, si mu kaburi.”

“Madame, uwape muda kidogo. Wasipokuzalia, uje unitukane.”

Alicheka, akakubali. Evariste alikwenda mwenyewe Kinindo kumwekea mchanga, kupanga magamba, na kujenga upande wa kulia rundo la mawe kwa jozi ya wale wembamba. Na wakazaa. Madame Odette alileta simu yake dukani atuonyeshe picha: vitoto visivyozidi ukubwa wa punje ya mchele vikichungulia kwenye mdomo wa gamba. Alikuwa amewapa majina. Alituambia kwamba akirudi jioni haendi tena kwenye televisheni. Katika miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kuona mgeni aliyeongozwa vizuri zaidi ya yule.

Siku moja alikuja kununua chakula tu. Alipolipa akasimama, akaegemea kaunta, akasema tulichokuwa tukikingojea.

“Na nyongeza yangu iko wapi? Mi ni mteja wenu wa siku nyingi sasa.”

Evariste akainama kwenye gunia, akamjazia mfuko wa magamba mazuri meupe.

“Évariste! Magamba? Nimejaa magamba! Munipe yule.” Akamwonyesha frontosa mchanga kwenye tangi la mlangoni, ambaye kweli alikuwa mzuri, mistari yake imenyooka kana kwamba imechorwa.

“Apana, Madame. Yule ana kinywa kikubwa. Atakula wale wako.”

“Wangu wako kumi na ngapi, na yeye ni mumoja! Unaninyima samaki mumoja?”

“Sikunyimi, Madame. Ninawakinga.”

Hakusema kwa dharau. Lakini dukani mlikuwa na wateja wengine, na mmoja wao alinong’ona kwa sauti ya kusikika, “Ee, hawa wanyimivu.” Uso wa Madame Odette ukabadilika. Hafidh, ambaye uso wa namna hiyo humfikia hata akiwa chumba cha nyuma, akatokea ananyoosha mikono.

“Madame Odette! Nani amekukasirisha? Evariste, mfungie Madame yule frontosa. Zawadi ya duka. Na umwombe radhi.”

“Patron, yule ni—”

“Nimesema zawadi ya duka.”

Evariste alichukua nyavu mbili. Alimvua yule samaki taratibu bila kumchubua, akamfunga na hewa ya kutosha, akamkabidhi Madame Odette kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Akamwambia, kwa sauti ndogo lakini mbele yetu sote, “Nisamehe, Madame. Umuweke mu tangi ingine, tafadhali.”

“Anatania huyu,” alisema Hafidh, na wote wakacheka.

Frontosa hawindi mchana. Mchana huelea kwenye kona kama mtawa. Huwinda mwanga unapofifia, wakati wadogo wanapotoka kwenye magamba, na hamezi kwa fujo wala haachi mzoga. Kwa hiyo Madame Odette hakuona vita. Aliona tu kwamba vitoto vimepungua, kisha kwamba wakubwa nao wamepungua, kisha magamba matupu. Mtu asiyeona maiti hufikiri maradhi. Alirudi dukani amefura, akasema aliuziwa samaki wenye ugonjwa uliojificha, na yule mmoja tu aliyepewa zawadi ndiye mwenye afya. Akasema wazi, “Patron wenu anajua kuchagua. Huyu kijana hajui.”

Hafidh angeweza kusema neno moja. Alijua, maana baba yake alimlea kati ya matangi yale. Nikamwona akipima uso wa mteja na uso wa mfanyakazi, na mizani ikaanguka upande niliokuwa nikiuogopa. “Tutalishughulikia, Madame,” alisema. Siku hiyo hiyo Evariste aliambiwa asirudi.

Nilimfuata Hafidh chumba cha nyuma. Nilimwambia kwamba amemfukuza mtu kwa kosa alilolitenda yeye mwenyewe, na kwamba mtu huyo ana watoto wawili wachanga. Alinisikiliza kwa upole wote wa malezi yake.

“Mama Régine, nikimwambia Madame kwamba zawadi yangu ndiyo ilikula samaki wake, nitakuwa nimempa zawadi gani?”

“Utakuwa umesema kweli.”

“Wewe umekaribia retraite, Mama. Maliza kwa heshima.”

Nilimaliza. Siku ya kustaafu hotuba zikasemwa, soda zikanywewa, nikasifiwa kwa uaminifu na watu ambao hawakuhitaji uaminifu wangu.

Baada ya hapo nilikwenda Kinindo. Nilijihesabia hivi: Hafidh hawezi kumkataa mteja yule, kwa hiyo mteja yule akimwombea Evariste kazi, Evariste atarudi. Madame Odette alinipokea vizuri, akaniletea chai ya tangawizi, akanikalisha mbele ya tangi. Frontosa alikuja kwenye kioo alipomwona bibi yake. Samaki alikuwa amenenepa. Nilimweleza yote, taratibu, tangu sharti la Bwana Nassor hadi kinywa cha samaki yule. Alinisikiliza mpaka mwisho, na naamini alinisadiki, kwa maana macho yake yalijaa machozi, akaweka kidole juu ya kioo mahali yalipolala magamba.

“Masikini Évariste,” alisema. “Na mi nilimusema vibaya.”

“Mpigie simu Hafidh, Madame. Umwambie ulikosea. Atamrudisha leo.”

Akatikisa kichwa.

“Mama, nitasema nini? Kwamba zawadi yake ilinikulia watoto? Mutu anakupa kitu kwa moyo, mbele ya watu, unarudi kumwambia kilikuwa kibaya? Apana. Hata mama yangu kaburini atanionea haya. Zawadi haisemwi, Mama Régine. Unajua.”

Nilijua. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Sikuwa mbele ya mwanamke mbaya. Nilikuwa mbele ya malezi mema yaliyokatazwa kufikiri, yale yale yaliyomfanya Hafidh anyamaze. Kwa ajili ya adabu watu wawili walioelimika walikubaliana, bila hata kuonana, kwamba mtu wa tatu akose chakula. Nimesoma mengi juu ya uovu, na katika vitabu mara nyingi huja na meno. Mjini kwetu huja na mikono miwili na tabasamu. Sikumaliza chai.

Kutoka Kinindo nilikwenda Kanyosha kumpelekea Evariste jibu, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi. Nilimkuta kwenye uwanja wa shemeji yake, anafyatua matofali ya saruji, shati limeloa mgongoni. Alinawa mikono kwenye ndoo, akaniwekea tofali lililokauka nikalie, akatandika juu yake mfuko mtupu wa saruji ili nisichafuke. Nilimwambia kwamba Madame amekataa, na sababu yake. Hakushangaa.

“Wacha, Mama. Na angesema, mi singerudi. Ningerudi kutabasamu mbele ya ile tangi ya mlangoni?”

Tukakaa. Mkewe alipita na mtoto mmoja mgongoni, akanisalimu, akaenda kumchukua wa pili aliyekuwa akilia. Evariste alikuwa akikwangua saruji kwenye kucha zake.

“Huyo frontosa amefika ukubwa gani?” aliniuliza.

Nikamwonyesha kwa kiganja.

Akakunja uso, akapima hewa kwa mikono yake miwili iliyopauka, akiukadiria urefu wa tangi alilolipanga mwenyewe. “Hatageuka mule, Mama,” alisema. “Ataanza kujigonga. Umwambie Madame amutafutie pahali pengine, kabla hajaumia.” Kisha akainuka, kwa sababu saruji ilikuwa inakauka.